Usichome Shamba Zima

Wapendwa wa Mchikichini, wenyeji na ninyi mliofuata riziki Ilala na Kariakoo, sikieni. Katika Mathayo 13 Bwana anasimulia habari ya mtu aliyepanda ngano, usiku adui akaja akapanda magugu humo humo. Watumishi walitaka kung'oa mara moja. Mwenye shamba akawakataza, maana aliijua mikono ya haraka: ingeng'oa vyote. Leo nawahubiria habari hiyo juu ya vita vya msituni. Mara nyingi mpiganaji wa msituni hana sare wala kambi. Hula kijijini, hulala kijijini, na humtisha yuleyule anayemlisha. Anayetaka kumshinda kwa kuchoma kijiji amemwongezea jeshi.

Msiseme hayo ni ya mbali. Tarehe 13 Aprili 2017, huko Kibiti, katika mkoa jirani tu na sisi, askari polisi wanane waliviziwa njiani wakauawa. Wenyeviti wa vijiji na vitongoji wakauawa mmoja baada ya mwingine, kwa kuwa wauaji walijua kiongozi wa kijiji ndiye macho ya serikali. Bodaboda zikapigwa marufuku usiku Kibiti, Mkuranga na Rufiji. Oktoba mwaka huohuo vituo vya polisi vikavamiwa Mocímboa da Praia, Msumbiji, na Oktoba 2020 wauaji wakavuka mto Ruvuma hadi Kitaya, Mtwara. Simtetei hata mmoja wao. Dola ina wajibu mbele za Mungu kuwakamata.

Lakini wakamatweje?

Mjerumani alijibu swali hilo katika ardhi ileile ya Rufiji. Agosti 1905 alimnyonga Kinjikitile Ngwale, mganga aliyewasha Majimaji, pale Mohoro, akidhani amemaliza kazi. Vita vya Majimaji vikaenea hadi Ungoni. Ndipo utawala wa Gavana von Götzen ukatumia silaha mbaya kuliko bunduki: njaa. Maghala yakachomwa, mashamba yakateketezwa. Makadirio ya chini ya waliokufa ni watu 75,000; wapo wanahistoria wanaofika 300,000. Wengi wao hawakuwahi kushika mkuki! Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akiomba msamaha, miaka 118 tangu vita kuanza. Huo ni ushindi gani, ambao wajukuu wa mshindi wanauonea haya?

Mwingereza naye alijibu kwa namna yake. Tarehe 24 Aprili 1954 aliizingira Nairobi ili kuwanasa wapiganaji wa Mau Mau. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitolewa majumbani na makazini, wakapangwa mistari, wakapitishwa mbele ya mtu aliyefunikwa gunia, macho tu yakichungulia matunduni. Akitikisa kichwa, umekwenda kambini, bila shtaka wala hakimu. Walichukuliwa watu kwa maelfu. Jiulizeni, nani alikuwa ndani ya gunia lile? Huenda ni mtu uliyemdai. Huenda ni jirani aliyekitamani kibanda chako. Nani angejua? Mwaka 2013 serikali ya Uingereza ilikubali kuwalipa wazee zaidi ya 5,000 wa Kenya kwa mateso ya nyakati zile.

Sasa tazameni kaskazini mwa Uganda. Watu zaidi ya milioni moja na nusu walijazwa makambini, wakiambiwa wanalindwa dhidi ya waasi wa Joseph Kony. Mwaka 2005 uchunguzi wa afya ulionyesha kwamba watu wapatao 1,000 walikuwa wakifa kila wiki kupita kiasi cha kawaida, wengi kwa malaria na magonjwa mengine. Lakini viongozi wa dini wa Acholi, Wakristo na Waislamu, walisimama pamoja wakadai mlango wa kurudi nyumbani. Sheria ya msamaha ikapitishwa mwaka 2000, na kwa miaka iliyofuata watu zaidi ya 26,000 wakaachana na vita. Jeshi gani lingewatoa wote hao porini kwa risasi?

Nawageukia ninyi sasa. Pale soko la Karume yuko kijana wa Kibiti anayekunja jinzi za mtumba. Kila ikisikika habari ya mauaji, wenzake humwita gaidi kwa utani. Naye hucheka, maana anahitaji wateja. Acheni utani huo leo! Ndio unaomtayarishia mtu gunia.

Wewe askari, mtoto wetu uliyekula kiapo, mtafute mtu kwa jina lake na kosa lake, si kwa kabila lake, kanzu yake wala kijiji chake. Mfikishe mahakamani mchana, watu wakiona. Mama anayejua kwamba mwanawe atafika kwa hakimu akiwa hai, atakuja kituoni mwenyewe. Anayejua kwamba atapotea, hatafungua kinywa. Hapo ndipo tunaposhinda au kushindwa vita hivi, kwenye kinywa cha mama huyo!

Wewe mzazi, mwanao akitoweka wiki nzima kisha akarudi na fedha isiyo na kazi, uliza, na ukijua jambo sema. Kumficha muuaji si undugu. Wewe mjumbe wa nyumba kumi, usipeleke jina la mtu polisi kwa sababu mligombea mpaka wa ua. Nanyi mliopewa kutawala, mwacheni anayesalimisha silaha aione njia ya kurudi, na mwenye damu mikononi ajibu mbele ya sheria.

Ndugu zangu, asiye na hatia alindwe kwanza. Aliyelindwa atasema, na akisema, muuaji hana pa kulala. Tuhubiri hili kanisani na msikitini, tudai barazani na kwenye mikutano ya mtaa, tusinyamaze hata tukiambiwa tunawatetea wahalifu. Tunatetea watu wa Mungu. Amina.