Je, Ukosefu Unaweza Kuunguza?

Gari limebadilishwa rejeta asubuhi, likajazwa maji hadi mdomoni, na kabla jua halijafika utosini limeshachemsha. Dereva anafungua boneti akitafuta panapovuja. Hapavuji popote. Fundi anaingiza mkono ndani, anawasha hita hadi mwisho, anaweka kiganja mbele ya tundu lake. Hita inapuliza baridi wakati injini inatokota. Hukumu inatoka hapo hapo: kuna hewa kwenye njia za maji.

Hukumu hiyo ina swali ndani yake. Kinachoiharibu injini ni ile hewa, au ni maji yasiyokuwapo pale yalipopaswa kuwapo?

Augustine, mwanateolojia wa Kikristo, aliyazungukia maswali ya namna hii kwa miaka mingi. Alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, na ujanani aliifuata dini ya Mani kwa takriban miaka tisa. Wafuasi wa Mani waliamini kwamba uovu ni kitu kamili, chenye nguvu zake, kinachopigana na nuru. Alipowaacha, alishika msimamo ulio kinyume: uovu hauna uwepo wake wenyewe, ni upungufu wa wema mahali ambapo wema ulistahili kuwapo, jinsi upofu ulivyo upungufu wa kuona. Ibn Sina, mwanafalsafa wa Kiislamu aliyefariki Hamadan mwaka 1037, naye alifundisha kwamba shari kwa asili yake ni ukosefu. Alitoa mfano wa moto unaogusa vazi la mtu mwema ukaliunguza. Moto haukukosea, ulikuwa moto tu, na bila tabia yake hiyo ya kuunguza usingefaa kwa lolote.

Injini inawaunga mkono wote wawili. Moto unaoyeyusha gasketi ndio huo huo unaolisukuma gari, na karibu theluthi ya joto lake hubidi ibebwe na maji hadi kwenye rejeta. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa. Mfuko wa hewa ukituama juu kwenye silinda hedi, chuma cha hapo hubaki na joto lake mpaka kinapinda. Hewa yenyewe haikuchoma chochote. Ilikaa tu.

Ila kukaa nako ni tendo. Mwanafalsafa Empedocles wa Sicily aliliona jambo hili katika karne ya 5 kabla ya Kristo: chombo chenye vitundu chini, ukikiziba kwa kidole juu na kukizamisha, hakiingii maji, kwa sababu hewa imeshika nafasi. Ndani ya injini inashika zaidi ya nafasi. Pampu imeundwa kurusha maji. Ikikutana na hewa inazunguka bure. Themostati hufunguka ikiguswa na maji ya moto, kwa kawaida nyuzi 80 na kitu, na ikizingirwa na hewa huchelewa kufunguka. Baya kuliko yote ni kihisi cha joto: kikiwa ndani ya hewa badala ya maji, kinaweza kumwonyesha dereva mshale uliotulia huku chuma kinaungua. Ukosefu unaodanganya? Mwanazuoni wa Kiislamu Fakhr al-Din al-Razi asingeshangaa. Yeye alimpinga Ibn Sina kwa hoja fupi na ngumu: maumivu yapo, na anayeumia haumizwi na kutokuwapo kwa kitu. Na anayesoma Suratul Falaq huomba kinga dhidi ya shari ya vilivyoumbwa, yaani vitu vilivyopo.

Fundi hana haja ya kusubiri wanazuoni wapatane, lakini kazi yake inafuata pande zote mbili. Anangoja injini ipoe, maana kifuniko cha rejeta kikifunguliwa kingali cha moto humwagia mtu mvuke usoni. Analipandisha gari kwenye mwinuko ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko kila kitu, kisha anaweka hita kwenye moto ili maji yapite huko pia. Magari mengine yana skrubu ya kutolea hewa, anailegeza. Anamimina polepole, anawasha, anaacha injini ingurume taratibu mpaka themostati ifunguke, anaminya mipira ya maji kwa mkono. Viputo vinapanda, maji yanashuka, anaongeza. Hewa haivutwi wala haisukumwi. Inafunguliwa njia ya juu, na maji yanairithi nafasi yake.

Wakati mwingine viputo havikomi. Nusu saa inapita na bado vinakuja, tena kwa nguvu kila mafuta yanapokanyagwa. Hapo fundi hunyamaza, kwa kuwa hiyo si hewa iliyosahaulika wakati wa kujaza. Ni moshi wa silinda unaopenya kwenye maji kupitia gasketi iliyokufa. Mfuasi wa Mani angefurahi: huyu hapa adui mwenye chanzo chake. Augustine angeonyesha tu kwamba adui huyo amepita kwenye ufa, na ufa ni mahali pasipo na gasketi. Kisha angeuliza ufa umetoka wapi, na jibu lake la siku zote lilikuwa katika hiari ya mtu.

Fundi, akiwa ameshachukua spana ya kufungulia hedi, naye anamgeukia dereva. "Bosi, uliendelea kuliendesha hili gari huku linachemsha?"