Kutu ya Kijani

Wengi huiona kutu ya kijani kama uchafu uliotoka nje, wa kufuta tu. Sivyo. Ni shaba yenyewe iliyogeuka. Katika kamera za zamani, asidi iliyomo katika mafuta ya ngozi hula shaba pole pole, na ngozi huanza kuvimba vinundu vidogo juu ya vichwa vya ribiti. Basi anayesafisha hapanguzi tu. Anaamua kipi kitoke katika mwili wa kitu.

Njia si ngumu. Pamba kwenye kijiti, tone la siki au limau, subiri kidogo, pangusa, kisha maji safi kidogo, ukaushe mara moja, maana asidi ikibaki itaendelea kula. Usikwangue kikavu; unga ule ni sumu. Siki isikaribie lenzi. Kabla ya kurudisha ngozi, ipake shaba vanishi, la sivyo kutu itarudi.

Mahali pa kukomea ndipo penye shida. Mjane mmoja wa Katesh aliniletea Zeiss Ikon ya kukunja ya marehemu mumewe, aliyepiga picha za harusi na ubatizo toka Dongobesh hadi Bassotu. Mwanawe alitaka kuiuza apate ada. Kwenye kibamba cha shaba marehemu alikuwa amekwaruza herufi mbili za jina lake, na kijani kilichojaa humo ndicho kilichozifanya zisomeke. Kijana akataka kisuguliwe kwa majivu mpaka king'ae. Hoja yake haikuwa ya kipuuzi: ada hailipwi kwa kumbukumbu. Nilitoa kijani chote kilichokuwa chini ya ngozi, kibamba nikakiacha, na mama akaridhika. Kijana hakuridhika.

Nilimwambia pia kwamba mnunuzi aelezwe kuwa kamera iliugua. Kuing'arisha ionekane haijapata kuugua ni uongo, hata kama hakuna neno lililotamkwa.

Yeye akanijibu kwa mfano wa wahunzi wa Kidatoga, ambao huyeyusha kufuli na koki kuukuu wakatoa bangili, wala hakuna anayelilia kufuli. Jibu hilo limenikalisha siku nyingi, kwani ni kweli tupu. Ila mhunzi hufanya kazi yake hadharani, mbele ya moto, na anayenunua bangili hauziwi kufuli.