Kinachorejea na Asiyerejea

Mtu akifiwa, watoa pole hawakawii kumwelekeza juu. Marehemu amekuwa nyota, watamwambia, anatutazama kutoka huko aliko. Wengine watamkumbusha kwamba dunia yote ni punje tu katika anga lisilo na mwisho, basi machozi ya mtu mmoja yana uzito gani? Mashairi ya maombolezo yamejaa kauli hizi, na zote mbili naziona zinamkosea mfiwa. Ya kwanza inamnyima haki ya kukiri kwamba mtu wake hayupo. Ya pili inapima msiba kwa kilomita. Mtoto aliyempoteza mama yake hapunguziwi chochote kwa kuambiwa kwamba Jua ni kubwa kuliko Dunia.

Hata hivyo sidhani kwamba ushairi uachane na anga. Uhusiano wa nyota na kufiwa upo, na ni wa kweli, ila haumo katika ukubwa. Umo katika kurejea.

Madaba, kwenye barabara itokayo Njombe kwenda Songea, panafaa kulitazamia jambo hili. Ukisogea kidogo tu kutoka barabarani, usiku bado ni giza lenyewe, na watu wake wengi ni wakulima wanaoishi kwa msimu mmoja wa mvua. Mvua hukatika kuelekea Mei. Mwezi huohuo Kilimia, kile kikundi cha nyota ambacho jicho zima huhesabu sita au saba, huzama magharibi pamoja na jua na kutoweka kabisa. Juni kinaonekana tena, safari hii upande wa mashariki kabla hakujapambazuka, wakati baridi ya nyanda za juu imeshika. Kufikia mwishoni mwa Novemba kinachomoza jioni, jua likizama, na mashamba ya mahindi yanasubiri mvua ya kwanza. Wahenga waliufunga mzunguko huo kwa usemi mmoja: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua.

Sasa mfikirie mama wa Madaba aliyefiwa na mumewe Mei. Matanga yamekaliwa, wanaume nje wakiota moto wa magogo na blanketi mabegani, wanawake ndani kwenye mikeka. Arobaini imepita, wageni wamerudi kwao, na kabla ya mapambazuko Kilimia kimeshaonekana. Vilitoweka mwezi mmoja, nyota na mtu, na nyota zimerudi. Kisha inafika Novemba. Mwaka jana mume alitangulia akichimba mashimo, mke akafuata akidondosha mbegu na kufukia kwa mguu. Mwaka huu anachimba, anaweka jembe chini, anainama na mbegu, anafukia, anaokota jembe. Shimo linalofuata, vilevile. Anga halikumwonea huruma wala halikumdhihaki. Limetimiza miadi yake tu, na kutimiza huko ndiko kunakouma. Kama nyota nazo zingesimama siku ile ya Mei, msiba ungekuwa wa ulimwengu mzima, naye asingekuwa peke yake ndani yake.

Tuseme mtunzi wa palepale anaandika mshororo mmoja: *Kilimia kimerudi, mwenye jembe hajarudi.* Mizani nane, kisha nane. Vipande viwili vinaishia kwa sauti moja, kwa hiyo sikio linakipokea cha pili kama ndugu wa cha kwanza, huku akili ikiona kwamba vinakanushana. Nathari ingeweza kutupa habari hizi, lakini ingetupa habari mbili, moja ya nyota na nyingine ya mtu. Shairi linazifunga pamoja zisiweze kuachana. Kina kinatimiza ahadi ya sauti palepale ambapo maana inasema ahadi imevunjika. Kazi hiyo sijui kitu kingine katika lugha kinachoiweza.

Ndiyo maana naamini umbo la jadi la ushairi wetu lina ukweli wa kifalsafa ambao watetezi wake wenyewe hawausemi vya kutosha. Wanalisifia utamu na nidhamu. Mimi nalisifia kwa sababu limejengwa kwa marejeo: vina vinarudi, mizani inarudi, kibwagizo kinarudi. Shaaban Robert alipomlilia mkewe Amina, aliufunga kila ubeti kwa mshororo uleule. Msomaji anaujua kabla hajaufikia, anaupokea mara ya pili, ya tatu, na kadiri unavyorudi ndivyo anavyotambua ni nani peke yake asiyeweza kurudi humo. Mwandishi huyuhuyu katika *Kusadikika*, mwaka 1951, aliiweka nchi nzima angani, akaitumia kuzungumzia dhuluma za ardhini. Kwake anga halikuwa mahali pa kukimbilia.

Kisha akaja Euphrase Kezilahabi na *Kichomi*, mwaka 1974, akaviweka vina kando. Ugomvi ukawa kama yale ni mashairi au si mashairi, ugomvi ambao kwangu umekwisha zamani. Lililo zito zaidi ni hili: shairi lisilorudi linasema nini kuhusu ulimwengu? Pengine linasema kwamba marejeo tunayoyategemea hakuna aliyetuahidi. Hoja hiyo ina nguvu, na anga lenyewe linaiunga mkono, kwa maana nyota nazo hufa.

Ushahidi mmoja ulianzia kwenye pwani yetu. Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ikiadhimisha siku ya uhuru wake, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi, ikaitwa Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kutumwa mahsusi kuchunguza eksirei zitokazo angani. Miongoni mwa vyanzo ilivyovifuatilia ni Cygnus X-1. Wanaastronomia walipoelekeza darubini zao huko, wakaona nyota kubwa ya buluu ikizunguka, kila baada ya siku 5.6, pamoja na kitu kizito kisichoonekana. Leo tunakubali kwamba ni shimo jeusi, masalia ya nyota iliyokwisha. Kitu chenyewe hakuna aliyekiona. Walikijua kwa mwendo wa aliyebaki.

Hapa napata kile ambacho kauli ya “amekuwa nyota” inakikosa. Yule mama anayeweka jembe chini na kuliokota tena ana mwendo mpya, na mwendo huo una umbo la mtu. Mpita njia ambaye hakumjua mumewe, akisimama na kutazama vizuri, ataona kwamba kazi ile ilipangwa kwa watu wawili. Marehemu yumo katika jinsi mkewe anavyoinama. Hili naweza kulitetea bila kudai lolote kuhusu ahera, na bila kubishana na anayeiamini.

Mtu atasema nami nimefanya yaleyale, nimemlinganisha mjane na nyota. Nimemlinganisha, ndiyo, lakini ulinganisho huu haumtaki alie kidogo, wala haumpandishi marehemu juu ili tuache kumtafuta chini. Unatudai sisi tutazame, na kutazama kuna masharti. Mtunzi anayetaka anga limsaidie katika msiba analazimika kulijua kama mkulima anavyolijua. Akiandika kwamba Kilimia kilimeta juu ya kaburi usiku wa katikati ya Mei, ameandika uongo, kwa sababu wakati huo Kilimia kimepotelea kwenye mwanga wa jua. Mfiwa wa Madaba ataugundua uongo huo kabla ya ubeti kwisha, na kuanzia hapo hatamwamini mtunzi hata anapoyaeleza maumivu yake sawasawa.