Kabla Hujaongeza Kasi

Mwanangu, nitakueleza tena yale niliyokwisha kuwaeleza wenzako, na watakaokuja baada yako nitawaeleza vilevile. Kila mwaka wa masomo unapoanza hapa Mzumbe, malalamiko ni yaleyale. Kijana amepanga chumba Changarawe, ruta iko mezani, video inamzungushia, na shauri la kwanza analopewa na wenzake ni kuchukua kifurushi chenye kasi kubwa zaidi. Nimechoka kuona hela ya chakula na nauli ya kwenda nyumbani ikiishia huko. Sikukatazi kununua. Ninachokuomba ni ujue kwanza kinachokuchelewesha kimekaa wapi.

Anza na hesabu. Kampuni zinauza kasi kwa megabiti, ilhali faili lako linapimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti nane. Ukilipia megabiti 20 kwa sekunde, faili la megabaiti 100 litachukua kama sekunde 40 kushuka, tena pale kila kitu kinapokwenda sawasawa. Wengi wanaodhani wameibiwa hawajaibiwa. Hakuna aliyewafundisha kugawanya kwa nane. Halafu uliza kazi yako inataka nini. YouTube wenyewe wanasema video ya 1080 inahitaji megabiti 5 hivi, na ile ya 4K kama 20. Mkutano wa Zoom wenye picha safi haufikishi 4. Kusoma makala, kujaza fomu ya mkopo wa masomo, kutuma ujumbe wa WhatsApp, hayo yanahitaji kidogo kuliko hapo. Sasa wewe uko peke yako chumbani na simu ya kiganjani, megabiti 100 utazipeleka wapi?

Sisi wazee tulijifunza mapema kwamba kasi ina mambo mawili ndani yake: upana wa njia na muda wa safari. Kabla kebo ya baharini ya SEACOM haijaanza kazi Dar es Salaam Julai 2009, intaneti ya nchi hii ilitegemea sana satelaiti. Satelaiti zile zinakaa karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Ulichouliza kilipanda huko, kikashuka upande wa pili, na jibu likarudi kwa njia hiyohiyo, ikipita zaidi ya nusu sekunde kwa kila swali na jibu. Ofisi yenye fedha iliweza kulipia upana zaidi, lakini ule umbali haukupungua hata mita moja. Ndiyo maana kebo ya SEACOM, na baada yake EASSy mwaka 2010, na mkongo wa taifa uliopita Morogoro kuelekea Iringa na Mbeya, vilibadilisha mambo kuliko kifurushi chochote. Kwa hiyo ukipima mtandao wako usiangalie ile namba kubwa peke yake. Angalia na milisekunde, yaani muda wa kwenda na kurudi, na kama zinatulia au zinarukaruka. Sauti inayokatika kwenye mkutano mara nyingi ugonjwa wake uko hapo, na megabiti za ziada hazitautibu.

Kuna siku moja ningependa vijana wote waikumbuke: Jumapili, tarehe 12 Mei 2024. Kebo za SEACOM na EASSy zilikatika baharini upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ya Tanzania ikadorora nchi nzima. Mwenye kifurushi kikubwa na mwenye kidogo walikaa wakingoja pamoja, kwa sababu pabovu palikuwa baharini, mbali na nyumba zao wote.

Lakini tuache bahari, turudi hapa chini ya milima, maana sehemu kubwa ya shida zenu iko ndani ya nyumba na haivuki ukuta. Milima ya Uluguru ni baraka kwetu kwa maji na mboga, ila mawimbi ya simu hayapiti kwenye mlima. Nyumba ikijificha nyuma ya kilima, mnara uliopo upande wa pili hauioni. Panda kuelekea Mgeta utaona jinsi kona moja ya barabara inavyokupa mtandao na inayofuata ikakunyima. Kisha njoo kwenye nyumba zenyewe. Bati linarudisha mawimbi, ukuta mnene wa tofali unayadhoofisha, na nyie ruta mnaiweka sakafuni nyuma ya kabati, au pembeni mwa friji. Inyanyue. Kama ni ya laini ya simu, iweke dirishani upande wa mnara, upime, uihamishe, upime tena. Ruta nyingi zina mawimbi ya aina mbili: yale ya GHz 2.4 yanapenya kuta vizuri zaidi lakini ni ya polepole na yamejaa majirani, na yale ya GHz 5 yana kasi ila yanachoka haraka yakikutana na ukuta. Ukikaa chumba kimoja na ruta, tumia 5. Kama una kompyuta ya mezani, nunua waya uichomeke, usahau habari ya ukuta.

Fikiria pia saa. Mnara mnagawana. Saa tatu usiku hosteli nzima na mtaa mzima wako mtandaoni, na kila mmoja anapata kilichobaki. Kuchukua kifurushi kikubwa saa hizo ni sawa na kununua gunia kubwa kwa shamba lisilozaa. Pakua video zako za masomo alfajiri. Na ile siku ya mwisho ya kuomba mkopo, mfumo unapogoma, foleni iko kwenye seva ya wanaotoa mkopo, wala hakuna ruta ya chumbani inayoweza kuisogeza. Ombeni mapema, jamani. Nalisema hili kila mwaka.

Lipo jambo moja ambalo halisemwi sana, nalo linanisikitisha kwa sababu linawaumiza wenye kipato kidogo. Kama bando lako lina kikomo cha gigabaiti, kuongeza kasi kunaweza kulimaliza upesi zaidi, kwa kuwa video ikiona njia pana inajipandisha ubora yenyewe bila kukuuliza. Saa moja ya kutazama kwa megabiti 5 inakula zaidi ya gigabaiti 2. Kwa megabiti 20 inakula 9. Ingia kwenye mipangilio, uifungie 480. Kwenye kioo cha simu mhadhara unaeleweka vilevile.

Wapo wanaostahili kuongeza, na kwao sina neno. Nyumba yenye watu sita wanaotazama kila mmoja chake. Mwalimu anayerekodi vipindi na kuvipandisha. Kijana anayehariri video za wateja. Huyu aulize hasa kasi ya kupakia, maana vifurushi vingi kasi yake ya kupakia ni ndogo kuliko ya kupakua. Hao wakilipa zaidi, fedha inarudi.

Wewe mwingine, fanya hivi kabla ya kulipia mwezi ujao. Pima asubuhi na pima usiku, kwanza ukiwa karibu kabisa na ruta, kisha pale unapokaa siku zote, na uziandike namba. Zikiwa nzuri karibu na ruta na mbaya kitandani, tatizo ni la chumba chako, na waya au kuhamisha ruta kutalitatua. Zikiwa mbaya kila mahali na kila saa kuliko ulicholipia, ipigie kampuni simu ukiwa na namba hizo mkononi, na wasipokusikiliza, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) inapokea malalamiko ya watumiaji. Ulicholipia tayari ukidai kwanza, ndipo ufikirie kulipia kingine.