Njia Ileile, Saa Ileile

Mjukuu wangu,

Nimesikia umepata kazi pale Posta, na tayari unaulizia pikipiki ya mkopo. Kwa kazi nakupongeza. La pikipiki, ngoja kwanza. Umepanga Upanga, kutoka hapo hadi ofisini kwako ni mwendo wa nusu saa, na ukishuka baharini ukafuata ufukwe, ongeza dakika 10. Mwendo huo nimeutembea miaka 26, na hakuna mali niliyoipata kazini ninayoithamini kuliko asubuhi zile.

Nenda kwa miguu, tena kwa njia moja na saa moja kila siku. Ninyi vijana mnaona kurudia njia kunachosha. Mimi niliona kinyume: ni pale nilipoizoea njia ndipo nilipoanza kugundua kilichobadilika tangu jana.

Anza na bahari. Kila siku maji huchelewa kujaa kwa karibu dakika 50. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au umeandama, hapa Dar es Salaam hujaa alfajiri kama saa kumi. Ukipita saa moja utayakuta yameshaanza kurudi, na mawe yangali yamelowa. Siku 4 baadaye, saa moja ileile, yamejaa. Zikitimia siku 10 hivi yamepwa, na mchanga uko wazi. Wavuvi wa Feri wanayajua haya tangu utotoni. Mimi karani nilihitaji mwaka mzima wa kutembea, na siku nilipoweza kukisia maji yalipo kabla sijaiona bahari, nilifurahi kama mtoto.

Mchanga ukiwa wazi, simama kidogo umtafute sululu. Ni ndege wa kahawia, miguu mirefu, mdomo umepinda kuelekea chini, naye huutumbukiza kwenye mashimo ya kaa. Huzaliana kaskazini ya mbali, Ulaya na Asia, kisha huja kwetu kukimbia baridi. Wengi huanza kufika mwezi huu wa Septemba, na ifikapo Aprili wanaondoka. Safari yote hiyo kwa mabawa, halafu anatua mita chache kutoka barabarani, na magari yanampita!

Upepo nao utaujua kwa ngozi. Ukifuata ufukwe kuelekea mjini, Kusi hukupiga usoni, Kaskazi hukusukuma mgongoni. Sasa Kusi limeanza kuchoka. Mikrismasi bado imening'iniza maganda meusi yanayolia kama kayamba. Mti huo asili yake Bukini, na kuanzia Novemba utawaka wekundu mtupu. Chini ya mikungu angalia kungu zilizotafunwa: popo walikula hapo usiku ulipokuwa umelala. Na majani ya mkungu huwa mekundu kabla ya kuanguka. Okota moja.

Jambo moja linaniuma. Kunguru hawa wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale takataka, wakavuka hadi bara. Hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Kwa hiyo ukimsikia chozi, mmoja wa ndege hao wadogo, akilia kwenye ua wa mtu, usipite haraka.

Ukiwa na dakika za ziada, katiza kwenye Bustani ya Mimea karibu na Makumbusho. Ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1893, na hadi leo kivuli chake kina baridi kuliko kiyoyozi cha ofisi yoyote.

Toka nyumbani saa kumi na mbili na nusu, jua halijawa kali. Viatu vya ofisini na shati la kubadilisha vitie kwenye begi, na mwavuli wakati wa masika. Masikioni usivae kitu: utakosa ndege, na hutasikia bodaboda ikija nyuma yako. Simu iweke ndani, vibaka wapo.

Magoti yangu hayanifikishi tena ufukweni. Wiki hii maji yatakuwa yamepwa saa unayopita. Jumapili ukija kunisalimia, niambie kama sululu wameshafika, na ni wangapi.