Je, Aliyesomeshwa Ana Deni?

Kijana wa usharika anapoleta barua ya kukubaliwa kusoma shahada ya uzamili ya uhandisi wa vifaa tiba, sisi washarika huuliza maswali mawili. La kwanza: hiyo ni kazi gani, ya udaktari au ya ufundi? La pili tunaliuliza kwa sauti ya chini: tukimchangia, atarudi?

Swali la kwanza Maandiko yanalijibu. Katika Kutoka 31, Mungu anamjaza Bezaleli Roho wake, si kwa ajili ya kuhubiri, bali afanye kazi ya dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti. Martin Luther naye alifundisha kwamba wito si wa mapadre na watawa peke yao. Kazi halali inayomhudumia jirani ni wito.

Lakini kwa nini asome mpaka uzamili? Tuchukue mashine ya kuzalisha oksijeni. Huvuta hewa ya kawaida, huondoa naitrojeni na kumpa mgonjwa oksijeni. Vumbi na unyevu vikiiharibu, inaweza kuendelea kunguruma huku oksijeni imepungua. Mama aliyeketi kando ya mtoto husikia mlio ule, moyo ukatulia. Fundi hodari atabadilisha kichujio. Aliyesoma zaidi atauliza kwa nini mashine iliyobuniwa kwa ajili ya mahali penye umeme wa uhakika na vumbi kidogo inakufa mapema kwetu, kisha atatafuta namna ya kubuni inayostahimili. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulikuta kwamba katika hospitali za nchi zenye uwezo mdogo, karibu vifaa 4 katika kila 10 havikuwa vikifanya kazi.

Swali la pili ni zito zaidi. Tumezoea kusema: tulimsomesha, kwa hiyo tunamdai. Paulo, katika Warumi 13, hatuachii deni lolote kati yetu isipokuwa lile la kupendana. Deni la fedha hulipwa likaisha. Deni la upendo haliishi, na linawafunga wote wawili, aliyepewa na aliyetoa.

Tumtazame Willem Kolff, daktari wa Uholanzi. Mwaka 1943, nchi yake ikiwa imekaliwa na majeshi ya Hitler, alitengeneza figo bandia kwa kutumia utando wa kufungashia soseji. Wagonjwa wake wa mwanzo karibu wote walifariki. Aliyeokolewa wa kwanza, mwaka 1945, alikuwa mwanamke aliyefungwa kwa kushirikiana na wavamizi. Kolff hakuuliza kama mgonjwa huyo anastahili. Baada ya vita alizigawa mashine zake bure kwa hospitali za nchi nyingine. Mwaka 1950 alihamia Marekani, akaendelea kubuni viungo bandia huko. Je, aliisaliti Uholanzi? Kila mgonjwa anayesafishwa damu leo, hata hapa Tanzania, amefaidi kazi yake.

Basi hatuwezi kusema kwamba kila anayebaki ng'ambo amevunja deni. Wala yeye hawezi kujificha nyuma ya Kolff. Yesu alipoulizwa jirani ni nani, alimwonyesha mtu aliyelala njiani, karibu na miguu ya wapitao. Msomi wetu anajua ni wodi gani ina mashine inayonguruma bure, na ujuzi huo unamwajibisha kuliko mchango wetu wowote.

Na sisi je? Kanisa letu lina hospitali nyingi. Kabla ya kumwuliza kama atarudi, tuwaulize wajumbe wa bodi zetu: ipo nafasi ya ajira yake? Ipo karakana, vifaa vya kupimia, fungu la vipuri? Tunapopokea mashine ya msaada, tunamsikiliza mhandisi kabla ya kupiga picha ya makabidhiano? Kumwita mtu arudi kwenye stoo ya mashine mbovu, bila vifaa na bila sauti, kisha kumwita msaliti akisita, huko si kumpenda.

Kwa hiyo tumchangie bila kumfunga kwa kiapo. Na siku ile ile tunayomchangia nauli ya kwenda, tuanze kuchangia karakana atakayoifanyia kazi akirudi.