Joho na Haki

Aliyevuka bahari kutafuta sheria hurudi na joho. Je, hurudi pia na haki?

Mohandas Gandhi alisoma London tangu 1888, akapokewa uwakili Juni 1891. Aliporejea Bara Hindi alijikuta hajui sheria za Kihindu wala za Kiislamu, zilizoamua ndoa na mirathi za watu wake. Katika kesi yake ya kwanza Bombay alisimama kumhoji shahidi, maneno yakampotea. Akaketi, akarejesha ada ya rupia 30.

Mwaka 1893 alisafiri kwenda Afrika Kusini, akipitia Lamu, Mombasa na Unguja. Pretoria alikuta matajiri wawili wa kwao, tena jamaa, wakiangamizana kwa gharama za kesi. Akawasihi wapatane. Msuluhishi alipoamua, mteja wake akashinda. Naye akamwomba mshindi apokee fedha kidogo kidogo, ndugu yake asifilisike.

Hilo hakulijia na shahada. Ugenini mtu hufunzwa kushinda. Kwao hudaiwa zaidi: ajue ni nani atakayebaki kuishi na hukumu baada ya wakili kulipwa. Asiyelilipa deni hilo, joho lake ni nguo tu.